Anayengojewa dirishani arudi, mwenye kazi ya mtandao aachwe Amu

Mhariri,

Wasomaji wako wamekuwa wakijibizana kuhusu waajiri wanaotaka wafanyakazi warudi ofisini siku zote tano za juma. Wengi walioandika ni wakaazi wa Nairobi, na hoja iliyorudiwa zaidi ni foleni za magari na nauli za matatu. Sina ugomvi nao. Lakini kwetu kisiwani Lamu, au Amu kama tunavyopaita wenyeji, jambo hili lina uzito mwingine, na sijaona aliyeligusa.

Kabla ya kubishana mfanyakazi akae wapi, tuulize kwanza nani anamngojea. Kama ni mwananchi aliyesimama mbele ya dirisha, basi mfanyakazi awe dirishani, tena mapema. Kama kinachomngojea ni hesabu zilizomo ndani ya kompyuta, sioni haki ya kumng'oa mtu kwao ili akazifanye hesabu zile zile Nairobi.

Nimekuwa karani wa serikali karibu umri wangu wote wa kazi, nikihudumia watu wa visiwani na wa bara. Mtu wa Faza au Kizingitini, kisiwani Pate, hapangi safari kwa saa za ofisi, hupanga kwa maji. Kwa miaka mingi boti za Pate zimengojea maji yajae ndipo zipite mkondo mwembamba wa Mkanda, na yakipwa, abiria hana la kufanya. Sasa majuzi nilimkuta bibi mmoja kutoka Siyu amekaa kwenye ngazi ya ofisi moja ya umma, karatasi za mjukuu wake amezifungia kwenye ncha ya leso. Mlango umefungwa. Askari wa zamu akamwambia, "Bibi, afisa leo anafanyia kazi nyumbani, mpigie simu." Simu yenyewe haikuwa na salio. Nilimpigia mimi, haikupokewa. Boti ikaondoka, na yule bibi akalala kwa jamaa zake mtaani Langoni, hapa mjini, akila chakula chao, kwa saini moja tu. Hilo siwezi kulitetea, na yeyote anayetetea kazi ya nyumbani asilifumbie macho. Ofisi ya kuhudumia watu lazima iwe na mtu ndani, na akitoka awepo wa kumshikia.

Sasa niseme upande wa pili, ambao ndio ulionifanya nichukue kalamu.

Binti yangu ni mhasibu wa kampuni moja ambayo makao yake makuu yako Nairobi. Aliajiriwa mwaka 2021, wakati kampuni hiyo haina hata dawati la kumpa, na barua yake ya ajira inasema wazi kwamba atafanyia kazi nyumbani. Kazi yake ni kulinganisha ankara za wauzaji na malipo yaliyotoka benki. Hakuna mteja anayekuja kumwona. Nyumba yetu ni ya kale, kuta zake za mawe ya matumbawe ni nene kiasi kwamba ukiwa ndani simu haishiki mtandao kabisa. Kwa hiyo alipandisha meza juu, chini ya makuti, akanunua laini mbili za kampuni tofauti, akafunga sola ndogo na betri kwa ajili ya siku stima inapopotea. Yote kwa mshahara wake. Wakati wa kusi upepo ukivuma sana, huzikandamiza karatasi zake kwa mawe aliyookota Manda. Mwisho wa mwezi naisikia sauti yake huko juu mpaka usiku, akiulizana na wenzake tofauti ya shilingi chache imetoka wapi, na halali mpaka ipatikane.

Agizo la kurudi lilimfikia kwenye kikundi cha WhatsApp, pamoja na wenzake wote, likiwa na tarehe ya kuripoti. Aliposhuka alinionyesha simu tu. "Baba, hata hawakuniuliza," akasema.

Hapa ndipo ninapowaomba waajiri wasome sheria. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 10, inataka mfanyakazi apewe masharti ya kazi yake kwa maandishi, na mahali pa kazi ni moja ya masharti hayo. Kifungu hicho hicho kinasema sharti likibadilika, mwajiri ashauriane na mfanyakazi, mkataba urekebishwe, na mfanyakazi ajulishwe mabadiliko kwa maandishi. Kushauriana ni kukaa na kuzungumza. Ujumbe wa kikundi unaoanza na "Wafanyakazi wote" haufikii hapo. Huenda baada ya mashauriano binti yangu angekubali kwenda wiki moja kila mwezi. Hakupata nafasi ya kulisema hilo.

Najua upepo huu umetoka mbali. Septemba 2024 kampuni ya Amazon ya Marekani iliwatangazia wafanyakazi wake wa ofisini kwamba kuanzia tarehe 2 Januari 2025 watarudi siku tano. Siku ya kuapishwa, tarehe 20 Januari 2025, Rais Trump akaagiza wafanyakazi wa serikali ya Marekani warudi ofisini. Waajiri wetu wakaona wamepata kigezo. Lakini kama tunaiga, tuige pia utafiti. Nicholas Bloom, mwanauchumi wa Chuo Kikuu cha Stanford, pamoja na wenzake, walifuatilia wafanyakazi 1,612 wa kampuni ya usafiri ya Trip.com nchini China. Baadhi waliruhusiwa kukaa nyumbani siku mbili kwa juma, wengine wakaja ofisini siku zote. Matokeo yalichapishwa mwaka 2024: kazi haikushuka, kupandishwa vyeo hakukutofautiana, na waliojiuzulu walipungua kwa theluthi moja, hasa wanawake na wanaosafiri mbali kufika kazini. Mameneja wenyewe, waliotangulia kudhani kazi itaharibika, walibadili mawazo. Kampuni ile ile, katika jaribio la mwaka 2010 na 2011, iliona utendaji wa watu wa huduma kwa simu waliofanyia kazi nyumbani siku nne kwa juma ukipanda kwa asilimia 13.

Nisifiche kwamba jaribio hilo la kwanza lilikuwa na upande mwingine. Walipopewa hiari, karibu nusu ya waliokuwa nyumbani walichagua kurudi ofisini, na upweke ulikuwa sababu kubwa. Kijana anayeanza kazi, ambaye bado hajajua amuulize nani nini, hujifunza kwa kukaa karibu na mkubwa wake. Mimi mwenyewe nilifunzwa kazi na karani aliyekuwa akinisomea barua zangu kwa sauti kabla hajaniruhusu kuzipeleka. Kwa hiyo mwajiri akisema wapya wakae ofisini mwaka wa kwanza, nitamuelewa. Binti yangu si mpya.

Sababu waliyoitoa waajiri wa binti yangu ni kwamba intaneti ya huku si ya kutegemewa. Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na SEACOM, zilikatika upande wa Afrika Kusini, na mtandao ukalegea Afrika Mashariki nzima. Waliokuwa ofisini Nairobi walikwama kama waliokuwa Amu. Huku kwetu stima hukatika, ni kweli, ndiyo maana mtu akanunua sola.

Kuna jambo jingine linalonichoma zaidi. Oktoba 2024 Rais Ruto alitangaza kibali kipya cha wageni wanaofanya kazi kwa mtandao, ili waje kuishi Kenya huku wakiendelea kuzitumikia kampuni za kwao. Karibu sana kwao. Shela, kijiji jirani cha ufukweni, na Amu zimezoea wageni, na hoteli zetu zinawahitaji, hasa sisi tuliokwisha kuona mwaka 2020 mji ulivyonyamaza. Lakini serikali ikikubali kwamba mgeni anaweza kukaa Shela na kuifanyia kazi kampuni ya London, basi mtoto wa Langoni asiambiwe kwamba hesabu za kampuni ya Nairobi haziwezi kufanyiwa Lamu. Bahari ni hii hii, na mtandao ni huu huu.

Na tuhesabu kinachoondoka. Mshahara wa binti yangu huliwa hapa. Huenda kwa wavuvi asubuhi, kwa mwenye duka wa Usita wa Mui, njia kuu ya mji wetu, kwa mwenye punda anayetubebea saruji, kwa fundi anayerekebisha boriti, na kwa dawa za mama yake. Akihamia Nairobi, sehemu kubwa itakwenda kwa mwenye nyumba wa huko na kwa nauli. Akitaka kuja kutuona, atapanda basi la Mombasa, kisha atafute la kuja Lamu, na mwisho avuke bahari. Vijana wetu wengi waliosoma wameshaondoka kwa kukosa kazi. Hawa wachache walipata kazi bila kuondoka, na sasa wanaambiwa waondoke kwa sababu wanayo kazi.

Sisi tulio nyumbani nasi tuna lawama yetu. Mwanamke akikaa juu na kompyuta, jamaa husema "yupo tu". Hutumwa sokoni, huitwa afungue mlango, huachiwa watoto wa dada yake. Mwanamume akiwa kwenye kiti hicho hicho huambiwa yuko kazini. Nyumbani kwangu nilisema wazi kwamba kabla ya saa kumi jioni asiitwe na mtu kwa jambo lisilo la dharura, na shangazi zake walininunia kwa muda. Kaunti nayo ingesaidia kwa kutenga chumba kimoja mjini chenye mtandao wa uhakika na jenereta, kwa wale ambao nyumba zao zimejaa watu.

Nawaomba maafisa wa kazi wa serikali watueleze hapa gazetini ni hatua gani mfanyakazi achukue anapohamishwa kwa ujumbe wa simu kinyume cha barua yake ya ajira. Na Shirikisho la Waajiri Kenya litujibu jambo moja: katika kazi ya mhasibu asiyeonana na mteja, ni ipi hasa iliyoshindikana kufanywa kutoka Amu tangu mwaka 2021? Binti yangu anatakiwa kuripoti mwezi ujao. Jibu likija kabla ya hapo litatufaa.

Karani mstaafu,
Langoni, Lamu