Harambee ya Chumba cha Kumbukumbu za Baraza la Jimbo la Pwani

Kwa wazazi, walimu, wanafunzi wa zamani na ndugu zetu wote mlio mbali na nyumbani: salamu nyingi.

Kamati ya maktaba ya shule yetu, hapa Kaloleni, inawaomba mchango wa kukarabati darasa moja kuukuu, ili liwe chumba cha kutunzia karatasi, picha na simulizi za Baraza la Jimbo la Pwani, lile lililochaguliwa Mei 1963. Vijana wetu wanamjua vizuri mwakilishi wa wadi yao, na wengi hudhani kwamba Pwani ilianza kuwa na baraza lake mwaka 2013, kaunti zilipoanza. Hatuwalaumu, kwa kuwa hakuna mahali tulipowaonyesha vinginevyo.

Baraza hilo lilitokana na katiba iliyojadiliwa Lancaster House, London, mwaka 1962, ambako chama cha KADU kilishikilia kwamba jamii ndogo zisimezwe na serikali moja ya Nairobi. Nchi ikagawanywa katika majimbo saba, kila moja likipewa haki ya kuwa na baraza la kutunga sheria na rais wake. Katika uchaguzi wa Mei 1963 KANU, chama cha Jomo Kenyatta, kilishinda serikali ya taifa, lakini KADU ikapata wingi katika mabaraza ya Pwani, Bonde la Ufa na Magharibi. Rais wa Bonde la Ufa alikuwa Daniel arap Moi. Wa Pwani alikuwa mwana wa huku kwetu, Ronald Ngala, mwalimu aliyeingia Baraza la Kutunga Sheria la Kenya mwaka 1957 pamoja na Waafrika wengine saba, wa kwanza kuchaguliwa kwa kura.

Kazi ya wajumbe wale haikuwa nyepesi. Katiba iliwapa mamlaka juu ya mambo yanayogusa maisha ya kila siku, kama vile ardhi na shule za msingi, lakini Nairobi ilikawia kuwakabidhi idara na fedha za kuyaendesha, hata ikawa wanaitwa watunga sheria ilhali mfuko hawaushiki. Isitoshe, walianza kazi wakati suala la Mwambao, yaani ukanda wa maili kumi uliokuwa chini ya Sultani wa Zanzibar, halijakatwa. Mkataba wa kuuunganisha na Kenya ulitiwa saini Oktoba 1963, miezi miwili tu kabla ya uhuru. Tarehe 10 Novemba 1964 KADU ilijivunja na kuingia KANU, na jamhuri ilipotangazwa tarehe 12 Desemba mwaka huo, utawala wa majimbo ukavunjika. Mabaki yake yaliondolewa katika katiba mwaka 1968. Kama majimbo yalikuwa neema au balaa, hilo bado linabishaniwa barazani kila jioni, na kamati haina upande. Tunachotaka ni wanaobishana wawe na karatasi mbele yao.

Karatasi hizo, kwa kadiri tulivyoziona, zimo katika masanduku ya bati na chini ya vitanda, na mchwa hawangoji harambee. Fedha zitakazopatikana zitanunua mabati, mbao za rafu, kabati lenye kufuli na kinasa sauti cha kurekodia wazee waliopiga kura mwaka 1963. Asiye na fedha alete saruji, au siku moja ya ufundi, au barua na picha za babu yake. Tutazipiga nakala mbele yake na kumrudishia asili siku hiyo hiyo.

Neno lenyewe harambee Mzee Kenyatta alilifanya wito wa taifa siku ya Madaraka, tarehe 1 Juni 1963, mabaraza ya majimbo yakiwa ndiyo kwanza yamechaguliwa, kwa hiyo hatuoni haya kulitumia kwa ajili yao. Tutakutana uwanjani mwa shule Jumamosi ya mwisho ya mwezi ujao, saa nne asubuhi. Mweka hazina atatoa stakabadhi kwa kila mchango, na hesabu yote itabandikwa kwenye ubao wa matangazo langoni kabla ya fundi kuanza kazi.