Harusi ikisogezwa, advansi inabaki kwa nani?

Ndugu Mhariri,

Msimu wa harusi ukikaribia, kurasa za magazeti hujaa mapambo, mashela na mitindo ya keki. Hatuoni maelezo ya nini kifanyike pale baba wa bwana harusi anapofariki Jumatano na harusi ni Jumamosi, au ukumbi unapokutwa na wateja wawili wa tarehe moja, au ahadi za shilingi milioni 20 zinapoleta milioni 11. Sisi tunaoratibu harusi tunaona hasara za namna hii zikijirudia kila mwaka. Nyingi hazitokani na tukio lenyewe. Zinatokana na advansi zilizolipwa bila karatasi inayosema tarehe ikibadilika fedha hizo zinakwenda wapi.

Tuanze na ukumbi, maana huko ndiko fedha ya kwanza inakokwenda. Ukumbi huuzwa mara mbili kwa njia inayojulikana. Daftari la kubuku linashikwa na watu zaidi ya mmoja, mteja wa kwanza kaandikwa kwa ahadi ya simu, wa pili kaja na fedha mkononi. Au dalali kapokea advansi na hajaifikisha ofisini. Risiti ya mashine ya EFD ni lazima uidai, lakini usiishie hapo. Inathibitisha kiasi ulicholipa na siku uliyolipa, haisemi unakodi ukumbi kwa ajili ya Jumamosi ipi. Ndiyo maana pamoja na risiti pawe na mkataba, hata wa ukurasa mmoja, wenye mambo haya: tarehe ya sherehe, jina la ukumbi (sehemu nyingi zina kumbi mbili au tatu ndani ya uzio mmoja), saa ya kuingia na ya kutoka, idadi ya wageni, kilichopo ndani ya bei kama viti, meza, jenereta na walinzi, kiasi kilicholipwa, salio na siku ya mwisho ya kulilipa, kisha jina, cheo na sahihi ya aliyepokea. Fedha iingie kwenye akaunti ya ukumbi, si kwenye simu ya mtu.

Baada ya hapo mtu wa kamati aende mwenyewe ofisini siku 60 kabla, siku 30 kabla na siku 7 kabla, akalione daftari kwa macho yake. Siku hiyo ya mwisho aulize swali ambalo kamati nyingi huwa hazijui kulileta: je, mchana wa siku ile kuna shughuli nyingine humo ndani? Mpambaji wa ukumbi wa watu 300 anahitaji saa 5 hadi 6. Shughuli ya mchana ikitoka saa 11 jioni na wageni wako wameandikiwa saa 12, hakuna mapambo yatakayokamilika, na lawama zote zitamwangukia mpambaji asiyehusika.

Kosa jingine ni mpangilio wa hatua. Watu wanalipia ukumbi kwanza, ndipo wanakwenda kutafuta tarehe ya ndoa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka wanaokusudia kuoana watoe taarifa kwa msajili au ofisa usajili angalau siku 21 kabla, na taarifa hiyo hutangazwa ili mwenye kipingamizi ajitokeze. Parokia za Kikatoliki zinasoma matangazo Dominika tatu, na kabla ya hapo zinataka cheti cha ubatizo kilichotolewa ndani ya miezi 6 kutoka parokia aliyobatiziwa mhusika. Aliyebatizwa Bukoba na anaolewa Dar es Salaam asidhani karatasi hiyo itafika kwa wiki moja. Kama mmoja si Mkatoliki, kuna kibali cha askofu, nacho kina foleni yake. Kwa upande wa serikali, aliyewahi kuoa au kuolewa alete hati ya talaka ya mahakama au cheti cha kifo cha mwenzake. Tarehe ya ndoa ipatikane kwa maandishi kwanza, ukumbi ufuate.

Na kabla hujakubali tarehe, fungua kalenda ya dini zote mbili. Mwaka 2027 Jumatano ya Majivu ni tarehe 10 Februari, na Ramadhani inatarajiwa kuanza siku hizo hizo kutegemea mwandamo wa mwezi. Pasaka ni tarehe 28 Machi. Kwa hiyo harusi ya Kikristo ya mwisho wa Januari ikikwama, haina pa kusogea karibu. Itaangukia Aprili, pamoja na wote waliokuwa wakisubiri Kwaresima iishe, na Aprili ni masika. Anayepanga Januari aulize ukumbi tangu mwanzo una Jumamosi zipi wazi baada ya Pasaka, na bei ya msimu huo ni ipi.

Ahadi zinahitaji ukali zaidi kuliko tulivyozoea kuwa nao. Kamati inakaa kikao cha kwanza, watu wanaahidi kwa moyo mweupe, katibu anajumlisha, na jumla hiyo inageuka bajeti siku hiyo hiyo. Ahadi si fedha. Tunashauri bajeti mbili tangu kikao cha kwanza: ya juu, inayofuata ahadi, na ya chini, yenye vitu visivyokwepeka tu. Siku 30 kabla, mhazini asome fedha taslimu iliyopo, na kuanzia hapo mikataba yote ifuate bajeti ya chini mpaka fedha nyingine iingie. Kipengele kinachopunguza gharama haraka ni idadi ya sahani. Wageni 300 kwa sahani ya shilingi 20,000 ni milioni 6. Wakiwa 220 ni milioni 4.4, na papo hapo viti, meza, mapambo na vinywaji vinapungua pia. Kupunguza ngazi moja ya keki hakuokoi kitu cha maana. Idadi ya mwisho mpishi apewe siku 7 kabla, maana nyama na vitu vibichi hununuliwa siku mbili tatu za mwisho.

Vinywaji vichukuliwe kwa makubaliano ya kurudisha kreti ambazo hazijafunguliwa. Soda 2 kwa kila mgeni, kwa wageni 300, ni chupa 600, yaani kreti 25 za chupa 24. Bila makubaliano hayo, sherehe ikiahirishwa kreti zote zinabaki sebuleni kwa mwenyekiti. Michango nayo isikusanywe kwenye laini ya mtu mmoja, hata awe mwaminifu kiasi gani. Simu ikipotea au mhazini akiugua, kamati nzima imefungwa mikono. Ifunguliwe akaunti ya kikundi ambayo fedha haitoki mpaka watu wawili waidhinishe.

Msiba ndio mgumu kuliko yote, na hapa waratibu tunapaswa kunyamaza kwanza. Uamuzi ni wa wazee wa pande zote mbili. Wakae siku hiyo hiyo, mshenga akiwepo, na waamue jambo moja tu: ndoa inafungwa au inasogea? Ziko familia zinazofungisha ndoa kimya kimya, bila muziki, na kuacha sherehe kwa baadaye. Ziko zinazosubiri arobaini ipite. Kwa Waislamu, aliyefariki akiwa baba, mama mjane anaingia eda (kipindi cha mjane kutulia nyumbani) ya miezi 4 na siku 10, hivyo familia inayotaka awepo kwenye sherehe ihesabu kuanzia hapo. Kupanga tarehe mpya ya mwezi unaofuata kisha kuihamisha tena ni kuwalipisha watu nauli mara mbili.

Wakishaamua kusogeza, mtu mmoja tu ndiye apige simu kwa watoa huduma. Aanze na mpishi, kwa sababu yeye ndiye anayekaribia kutoa fedha sokoni. Kisha mwenye vinywaji, ukumbi, mpambaji, muziki, mshereheshaji, mpiga picha na magari. Kila simu ifuatiwe na ujumbe wa maandishi ili saa ibaki kwenye kumbukumbu. Wageni watumiwe ujumbe mmoja wenye sahihi ya mwenyekiti, useme kuwa kadi walizonazo zitatumika tarehe mpya. Wanaosafiri kutoka mikoani wapigiwe, wasitumiwe ujumbe tu.

Mvua na umeme vina tiba rahisi zaidi. Hema la masika liwe na kuta za pembeni, na sakafu iliyoinuliwa. Jenereta ya kVA 30 inatoa takriban kilowati 24, inatosha taa, muziki na majokofu machache, si viyoyozi vya ukumbi mzima. Inakunywa dizeli lita 5 hadi 6 kwa saa, basi weka lita 40 kwa jioni moja. Ijaribiwe mchana ikiwa imebeba taa na muziki wote. Nyingi huunguruma vizuri zikiwa tupu na kuzima zinapobebeshwa mzigo.

Kwa familia ambazo kilichoharibika ni ukumbi au fedha tu, tunasema bila kusita: fungeni ndoa tarehe ile ile. Ndoa inahitaji mwenye mamlaka ya kuifungisha, wenyewe wawili, mashahidi wasiopungua wawili na nyaraka zilizokamilika. Kwa Waislamu, walii (msimamizi wa bibi harusi) na mahari vimeshazungumzwa. Hata mahari ambayo haijamalizika haibatilishi ndoa mbele ya Sheria ya Ndoa. Sherehe inaweza kufuata miezi mitatu baadaye, ndogo, kwa fedha iliyopo. Tunajua wapo wazazi wanaoona aibu watoto wao kuoana bila ukumbi. Aibu hiyo imewaweka vijana wengi kwenye uchumba usioisha huku madeni yakiongezeka.

Na kama mmoja amejitoa kabisa, sheria hiyo hiyo inaruhusu kudai fidia ya kuvunjiwa ahadi ya ndoa, lakini kwa gharama ambazo mtu aliingia kweli kutokana na ahadi hiyo. Gharama hizo huthibitishwa kwa risiti. Makubaliano ya mdomo yanaweza kuwa mkataba halali, ila nani atathibitisha yalisema nini?

Ombi letu ni kwa wenye kumbi, wapishi, wapambaji na wapiga picha. Wekeni kwenye mikataba yenu kifungu cha kusogeza tarehe, na kamati zisitoe advansi mahali ambapo hakipo. Maneno haya yanatosha: "Mteja akitoa taarifa ya maandishi siku 14 au zaidi kabla ya tarehe, advansi yote itahamia tarehe mpya ndani ya miezi 12. Akitoa taarifa kati ya siku 13 na siku 3 kabla, zitakatwa gharama zilizokwisha kutumika, kwa risiti. Chini ya siku 3, mteja atalipia vitu vibichi vilivyonunuliwa na atakabidhiwa. Mtoa huduma akishindwa yeye kutoa huduma, atarudisha fedha yote ndani ya siku 7."

Waratibu wa harusi,
Kinondoni, Dar es Salaam