Kitovu kilichosingiziwa

Ujiji, Kigoma

Rafiki yangu mpendwa,

Barua yako kutoka Tabora imenifikia, nami nimefurahi kusikia kwamba mshono umekauka na umeanza kutembea hadi sokoni. Umeniuliza iweje maumivu yakuanze kitovuni, ilhali kidole tumbo walichokikata kipo chini, upande wa kulia. Hukuwa umechanganyikiwa, ndugu yangu, wala hukuwa ukitia chumvi.

Neva zinazobeba maumivu ya kidole tumbo huingia kwenye uti wa mgongo usawa ule ule zinapoingilia neva za ngozi ya kitovu, yaani usawa wa neva ya kumi ya kifua. Kwa kuwa habari nyingi zinazopitia mlango huo hutoka kwenye ngozi, ubongo hukisingizia kitovu. Baadaye, uvimbe ulipogusa utando unaofunika ukuta wa tumbo kwa ndani, ambao neva zake hutaja mahali kwa usahihi zaidi, ndipo ukaweza kuweka kidole penyewe hasa.

Hiyo ni njia moja tu ya viungo vya ndani kupeleka habari ubongoni. Ya pili, ambayo mimi huipenda zaidi, ni neva ya vagasi, inayotoka kwenye shina la ubongo, ikapita shingoni na kifuani hadi matumboni. Shuleni tulikaririshwa kwamba ubongo ndio unaoamuru, lakini takriban asilimia 80 ya nyuzi za neva hiyo hupeleka habari juu, kutoka viungoni kwenda ubongoni: tumbo limetanuka kiasi gani, kumeingia chakula cha namna gani, kuna kitu cha kutapisha au hakuna. Juzi nilikuwa na mgebuka uliopikwa kwa mawese na ugali wa muhogo, na nilipofika kwenye tonge la mwisho mkono ulisita wenyewe, ingawa mchuzi ulikuwa bado mtamu vile vile. Mafuta yanapofika kwenye utumbo mwembamba, seli fulani za ukuta wake hutoa homoni ya kolesistokinini, nayo huziamsha ncha za vagasi zilizo karibu. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walionyesha kwa panya kwamba baadhi ya seli za namna hiyo zimeungana na vagasi moja kwa moja, hivyo habari ya sukari hupita kwa milisekunde, bila kusubiri homoni isafiri katika damu. Niliposoma hayo niliacha sahani ipoe.

Mwambie shemeji kwamba simlaumu kwa dawa ya minyoo aliyokupa usiku ule. Kitovu kilimdanganya na yeye. Dagaa nitawatuma kwa treni, nawe usiisahau asali yangu.

Wako,
Rafiki yako wa Ujiji