Barua kwa Halima: vyerehani visubiri kwanza

Arua, Jumapili jioni

Dada Halima,

Salamu aleikum. Huku hatujambo, mvua imeanza, watoto wanakwenda shule, na Hajati amerudi kutoka Koboko na salamu zako nyingi mno, utazipata kwake mwenyewe. Hongera kwa usimamizi wa kituo chenu cha ufundi cha vijana wenye ulemavu. Nilifurahi sana kusoma habari zako, mpaka nikafika pale uliposema vyerehani 24 vimeshanunuliwa na kamati inataka vigawiwe vyote siku ya mahafali, kila mhitimu na chake, mbele ya wafadhili. Nimeona nisingoje tuonane Idi, nikuandikie leo.

Halima, usikubali. Siku ile wape vyeti, wapigwe picha na wazazi wao, wale pilau. Vyerehani vibaki stoo, na kila kimoja kitoke siku mtu wenu anapokipeleka mpaka kwenye kibaraza kitakapofanyia kazi. Unajua jinsi vinavyoishia kuuzwa. Watu husema vijana ni wavivu, na maneno hayo yananiuma kwa sababu si kweli. Kijana anapewa cherehani bila kitambaa, bila kodi ya kibaraza, bila sindano za akiba. Wiki ya pili sindano inakatika, au kile kikopo cha bobini, kinachoshika uzi wa chini, kinapotea, na duka lenye kipuri liko mjini, nauli ya boda ni kubwa kuliko kipuri chenyewe. Cherehani kinakaa kimya ukutani. Halafu karo ya mdogo wake inadaiwa, na ndani ya nyumba ile hakuna kitu kingine kinachouzika haraka hivyo. Kinakwenda.

Mkataba namba 159 wa Shirika la Kazi Duniani, wa 1983, nchi yetu ya Uganda imeuridhia tangu 1990. Lengo lake la huduma za utengamao wa kazi, yaani kumwandaa mtu na kumrudisha kazini, ni kwamba mtu mwenye ulemavu apate kazi inayomfaa, adumu nayo, na apande ndani yake. Sasa angalia ripoti zetu: "Wamehitimu 24." Hata lile la kwanza bado. Wewe ndiye msimamizi, unaweza kubadilisha kinachohesabiwa. Waambie kamati kwamba ripoti itaandikwa miezi sita baada ya mahafali, na itasema wangapi wanashona.

Kabla hujatoa hata kimoja, mkalishe kila mhitimu kwenye cherehani chake mwenyewe, siyo kile cha darasani. Vya kukanyaga havimfai kila mtu. Mwenye mguu mmoja wenye nguvu anaweza, ila mfungie mguu ule kwenye pedali kwa mkanda wa mpira wa tairi, usiteleze, kisha ashone mfululizo dakika kumi. Akianza kutetemeka kwenye nyonga, kazi ya siku nzima itamshinda. Ambaye miguu yote haina nguvu abadilishiwe, afungiwe mkono wa kuzungushia. Hapa ndipo wanunuzi hukosea: mkono ule hauingii kwenye kila kichwa cha cherehani. Lazima gurudumu la pembeni liwe na matundu, lile lenye vijiti kama la baiskeli, na nyuma ya nguzo ya kichwa kuwe na tundu la bolti, lile lile linaloshika mota. Gurudumu likiwa bapa lililojaa, itabidi ununue na gurudumu jingine. Chungulia vyako vyote 24 kesho asubuhi, uniambie.

Tena ujue kwamba mkono wa kuzungushia unachukua mkono wa kulia, kitambaa kinabaki na wa kushoto peke yake. Foronya, mapazia, shuka na pindo ndefu anaziweza vizuri. Kola na zipu zitamchelewesha mpaka wateja wakimbie. Kama kwao kuna umeme wa uhakika, mota ni bora zaidi, na kile kikanyagio chake si lazima kikae chini: kifunge juu ya meza, akibonyeze kwa kiwiko.

Wa kiti cha magurudumu, pima meza kabla ya fundi seremala kuikata. Magoti yapite chini bila kugusa, karibu sentimita 70 kutoka sakafuni, lakini upime kiti chake hasa kwa sababu viti havilingani. Na mlangoni, kila sentimita 10 za kupanda zinataka mita 1.2 za njia ya mteremko. Ngazi ya sentimita 30 ni mita 3.6. Mafundi hupenda kufupisha ili kuokoa saruji, matokeo yake kijana anasukumwa na mtu kila asubuhi, na siku mtu huyo hayupo, kazi haifunguliwi. Aliyeumia uti wa mgongo ajiinue kwa mikono kila robo saa au nusu saa, akiwa darasani na akiwa kazini. Hahisi maumivu, kwa hiyo kidonda cha makalio kinaanza bila yeye kujua, na kikishachimba kinamtoa kazini miezi. Mwalimu agonge kengele. Ni jambo dogo sana, na ndilo linaloachwa.

Nirudi kwenye vyerehani, maana bado sijamaliza.

Kila kimoja kiende na vitu vyake: sindano za namba 14 za pamba na namba 16 za jinzi, bobini kumi, mkanda wa akiba, mafuta ya cherehani (wakitia ya kupikia yanaganda kama gundi), bisibisi, mkasi, futi, pasi, na kitambaa cha kuanzia. Bei ya jumla Kiyembe, kwenye maduka ya vitambaa Kampala, itawafaa mkinunua kwa pamoja. Mkanda wa ngozi hulegea. Afundishwe kuukata kipande kidogo na kuubana upya, mwenyewe, mbele yako. Asipoweza kwa vidole vyake, basi tafuta mtu wa karibu naye atakayejifunza. Hesabu gharama yote hii, utaona fedha za vyerehani 24 huenda zingetosha 17 vilivyokamilika. Nakuomba uchague 17, hata kama saba vilivyokwisha kununuliwa itabidi virudishwe. Wale saba wengine pengine hawakuhitaji cherehani tangu mwanzo.

Maana hilo nalo: nani aliwachagulia ushonaji? Kiziwi anapelekwa kushona, asiyeona anapelekwa kufuma, mwenye ulemavu wa akili anapewa ufagio. Wanaofuata mwaka ujao wazungushe karakana zote wiki mbili kabla ya kuandikishwa. Mwalimu atazame anavyoshika, anaona umbali gani, anakaa muda gani bila kuchoka, anakumbuka maagizo matatu yaliyofuatana, anahesabu chenji. Halafu mtu aende gombolola yake, yaani tarafa anakotoka, akaone. Kama kwenye senta yao ya maduka mafundi cherehani wako watano na hakuna wa kushona viatu, jibu liko pale barabarani.

Kuhusu walimu wako, usiwasimamie kwa kitabu cha mahudhurio peke yake. Kaa nyuma ya darasa saa moja, uhesabu mara ngapi mwalimu amechukua mkasi mkononi mwa mwanafunzi ili amalizie yeye. Wengi hufanya hivyo kwa huruma, na huruma ile ndiyo inayotoa mhitimu asiyejua kukata. Tazama pia kama anaongea akiwa ameugeukia ubao huku viziwi wanamwangalia mgongo. Kwa mwenye ulemavu wa akili, kazi ivunjwe vipande, na afundishwe kuanzia mwisho: mwalimu apinde, apigie pasi, abane pini, yeye ashone mstari wa mwisho na akate uzi. Kesho abane pini mwenyewe. Hivyo kila siku anamaliza kitu kizima, anakiona, na hamu inabaki.

Wenye kifafa wasiachwe peke yao na pasi ya makaa, na dawa zao zifuatiliwe kila siku bila kuruka. Akianguka: ondoa vitu vya hatari, mlaze ubavu, usimtie kitu mdomoni, tazama saa, zikipita dakika tano, hospitali.

Mabweni ya wasichana sina maneno mengi. Komeo iwe ya ndani, matroni alale humo humo, na hakuna mwalimu wa kiume kubaki na msichana peke yake karakana ikishafungwa, hata awe mzee wetu gani. Asiyesema kwa sauti naye awe na mtu wa kumweleza kwa lugha ya alama.

Sasa siku ya kupeleka. Mzazi, kijana na mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, wakae pamoja, waandike kwamba cherehani ni cha kijana kwa jina lake, hakikopeshwi kwa kaka, hakiuzwi kabla ya mwaka bila ofisi yenu kujua. Muhuri wa LC1 unasaidia kuliko unavyofikiri, kwa sababu mnunuzi wa mtaani anaogopa. Kisha rudini mwezi wa kwanza, wa tatu, wa sita. Mwezi wa kwanza ndio mgumu. Mwulize kijana: kipo? Wiki iliyopita umeshona nini? Umelipwa kiasi gani? Nani anashika hizo pesa? Hilo la mwisho mwulize kijana, mzazi akiwa mbali. Mafuta ya pikipiki ya safari hizo yaingie kwenye bajeti kabla ya pilau.

Wanaotaka kuajiriwa, mwonyeshe mwajiri kwamba Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2020 inakataza ubaguzi kazini, na kwamba sheria ya kodi ya mapato inampunguzia asilimia 2 ya kodi kama angalau asilimia 5 ya wafanyakazi wake wa muda wote ni watu wenye ulemavu. Wengi hawajui. Wanaotaka mtaji kwa kikundi, ile ruzuku maalumu ya serikali kwa watu wenye ulemavu inapitia ofisi ya maendeleo ya jamii ya wilaya. Hakikisheni kikundi ni cha vijana wenyewe, siyo majina yao na pesa za mashemeji.

Nina ombi. Mtihani wa moduli, yaani wa sehemu moja ya mafunzo, wa vijana wa kituo chetu hapa Arua uko karibu na mkalimani wetu wa lugha ya alama amekwenda masomoni. Kiziwi akifanya mtihani wa vitendo bila mkalimani, anafeli maswali ya mdomo ambayo majibu yake anayajua vizuri. Unaweza kutuazima wako kwa wiki mbili? Nauli na malazi juu yetu.

Na unijibu haya: magurudumu ya vyerehani yana matundu au bapa? Wangapi kati ya 24 wanatumia viti? Kamati itasikiliza, au nimtume Mwalimu Juma aongee na mwenyekiti, maana wanaheshimiana? Ni nani atakayefanya safari za mwezi wa kwanza, na pikipiki ipo? Yule binti wa Bugembe, mama yake amekubali arudi kwenye mafunzo? Na mgongo wako je, umepata nafuu?

Nisalimie wazee na watoto. Nitapita Jinja baada ya Idi, inshallah, lakini vyerehani nijibu wiki hii.

Ndugu yako,
Swaleh