Risala ya Kamati ya Afya ya Shule na Wazazi kwa Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Maadhimisho ya Siku ya Afya ya Kinywa na Meno Duniani, tarehe 20 Machi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi na ujumbe uliofuatana nao,
Mheshimiwa Diwani,
Ndugu Mtendaji wa Kata,
Mganga Mfawidhi wa kituo chetu cha afya,
Mwalimu Mkuu na walimu wote,
Wazee wetu, wazazi na wanafunzi,

Mwagonile.

Kwa niaba ya kamati tunakukaribisha kwa mikono miwili. Tunajua majukumu yako ni mengi, na tunajua barabara kutoka kwenye lami hadi hapa si rafiki kwa gari lolote wakati wa mvua hizi za Machi za kwetu Rungwe. Pamoja na hayo umefika, tena mapema. Tunasema asante sana. Ndaga fijo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kamati yetu ilianzishwa na walimu wachache pamoja na kina mama wa kikundi cha kuweka na kukopa, baada ya kuona watoto wanakosa vipindi kwa sababu ya maumivu ya meno. Historia yake ni ndefu. Kwa kuchunga muda wako hatutaisoma yote. Nakala imo ndani ya bahasha utakayokabidhiwa.

Mafanikio ni makubwa. Shule yetu sasa ni mfano wa kuigwa katika kata nzima kwa upigaji mswaki. Kila asubuhi baada ya uji, wanafunzi hupanga mstari kwenye vibuyu chirizi, kila mmoja na mswaki wake wenye jina, na dawa ya meno yenye floraidi kiasi cha punje ya njegere. Wanapiga mswaki kwa dakika mbili huku kiranja akihesabu kwa sauti, kisha wanatema povu bila kusukutua kwa maji mengi, maana floraidi inatakiwa ibaki juu ya meno ifanye kazi yake. Ule mswaki wa pili, wa usiku kabla ya kulala, tumewakabidhi wazazi, na huo ndio wenye uzito zaidi kwa sababu mtu akiwa usingizini mate yanayosafisha kinywa hupungua. Aidha, kwaya yetu imetunga wimbo wa meno ambao utausikia hivi punde, na ngonjera yetu imesifiwa mbali.

Mafanikio mengine tunayojivunia zaidi kuliko yote ni kuhusu yale yanayoitwa meno ya plastiki. Mheshimiwa, zilikuwepo familia ambazo mtoto mchanga akiharisha na kupata homa, alipelekwa kwa mtu akachokonolewa ufizi kwa kitu chenye ncha, na kilichotolewa kikaonyeshwa kwa mama kuwa ndiyo plastiki iliyokuwa ikimuua mwanawe. Kile kilikuwa kichipukizi cha jino lenyewe, jino changa la mtoto ambalo halijapata kukomaa. Mtoto hubaki na kidonda, hupoteza damu, anaweza kuambukizwa pepopunda au virusi kwa chombo kichafu, na kuhara kwake kunakuwa bado hakujatibiwa. Kina mama wa kamati wamelisema jambo hili kliniki, misibani na kwenye vikoba, bila kuona haya na bila kumtukana mtu. Leo mama mwenye mtoto anayeharisha katika vitongoji vyetu anakimbilia maji ya chumvichumvi na kituo cha afya.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, sasa turuhusu tuseme lililotuleta hapa.

Elimu tumetoa na wananchi wameipokea. Wanajua kwamba vijidudu vya kinywani hugeuza sukari kuwa tindikali, na tindikali hiyo ndiyo inayokula jino hadi litoboke. Wanajua kwamba mtoto anayemumunya pipi na barafu kutwa nzima anaumia kuliko yule aliyekula kitu kitamu mara moja pamoja na chakula. Wanajua kwamba ufizi ukitoka damu si sababu ya kuacha mswaki, kwamba ni ukoga uliokaa kwenye maungio ya jino na ufizi, na kwamba ukoga huo ukishakuwa mgumu mswaki hauutoi tena. Unataka kukwanguliwa na mtaalamu. Wazee wetu wanaoketi pale mbele, ambao meno yao yamelegea yakiwa mazima bila hata tundu moja, wametuuliza swali ambalo hatuna jibu lake: huyo mtaalamu yuko wapi?

Yuko Tukuyu mjini, au Mbeya. Kwa mzazi wa hapa hiyo maana yake ni pikipiki hadi barabara kuu, gari, siku nzima ya kazi imepotea, na nauli ya watu wawili kwenda na kurudi. Ndiyo maana mzazi husubiri. Huanza na karafuu na maji ya chumvi. Wengine husaga aspirini wakaibandika kwenye ufizi, nayo huuunguza ufizi ukawa kidonda juu ya maumivu. Kisha huenda duka la dawa kununua rangi mbili, zile kapsuli za kuua vijidudu, maumivu yanatulia, familia inamshukuru Mungu, na tundu linaendelea kuchimba. Dawa ya kumeza haizibi jino lililooza.

Mwaka jana mwanafunzi wetu wa darasa la nne alipitia njia hiyo hiyo, hatua kwa hatua. Mwalimu wake aligundua anatafuna upande mmoja, halafu hatafuni kabisa, uji unabaki kikombeni. Alipoletwa ofisini shavu lilikuwa limevimba, ngozi imekaza na kung'aa, jicho la upande ule linafumba lenyewe. Uvimbe wa namna hiyo ukishuka shingoni huweza kumziba mtoto pumzi. Alipakiwa kwenye pikipiki katikati ya mama yake na dereva, mvua inanyesha, wamejifunika nailoni moja. Alipona, tunashukuru. Lakini jino lililong'olewa lilikuwa gego la ukubwani.

Hapa tunaomba wazazi wote wasikie, maana ndipo tunapopoteza meno mengi. Gego la kwanza la ukubwani huota mtoto akiwa na miaka 6 hivi, nyuma kabisa ya meno ya utotoni, na halisubiri jino lolote ling'oke. Kwa hiyo mzazi hudhani ni la utotoni, akiliona lina doa jeusi husema litang'oka lenyewe litaota lingine. Halioti lingine. Mtoto ana meno 20 ya utotoni, mtu mzima ana 32, na hilo ni mojawapo ya yale 32 anayopaswa kuzeeka nayo. Lingezibwa likiwa na tundu dogo, kazi ingekwisha kwa muda mfupi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, hii si mara ya kwanza kwa risala yetu kusema haya. Miaka kadhaa iliyopita mgeni rasmi aliyesimama chini ya mti huu huu alituambia: jengeni chumba, kiti cha matibabu ya meno na vifaa vyake niachieni mimi. Wananchi walimwamini, na wiki iliyofuata walianza kufyatua tofali. Kina mama walisomba mawe kutoka mtoni kwa vichwa. Mwenye ndizi alitoa mikungu ikauzwa, mwenye maparachichi alitoa kreti, wakulima wa chai walikubali wakatwe kwenye malipo yao. Chumba kikasimama pale kituo cha afya: sakafu ya saruji, bati, bomba la maji hadi ukutani, madirisha mawili makubwa kwa ajili ya mwanga. Fundi akaandika mlangoni kwa rangi ya bluu, KINYWA NA MENO.

Mgeni aliyefuata alikisifu akasema kiti kimeingizwa kwenye bajeti. Aliyemfuata yeye alisema kiti kiko njiani, akapiga picha mlangoni. Tukaandika barua, tukajibiwa kwamba suala linafanyiwa kazi. Tukaandika nyingine. Ukifungua mlango ule leo, Mheshimiwa, utakuta maboksi matupu ya vyandarua na pikipiki mbovu. Hatusemi haya kumlaumu mtu, na wewe hukuwepo. Tunasema kwa sababu waungwana walitufundisha kuwa ahadi ni deni, na wazazi waliosomba mawe yale wako hapa wanasikiliza.

Tumewahi kuambiwa kikwazo ni umeme, kwamba unakatika mno kuendesha mashine. Kwa heshima kubwa, sababu hiyo imetuumiza. Ipo njia ya kuziba meno isiyohitaji umeme wala mashine ya kukereza: tabibu husafisha tundu kwa vifaa vya mkono, akatoa sehemu iliyooza, akajaza dawa ya kuziba inayoshikana na jino na kutoa floraidi. Njia hiyo ilianzia hapahapa Tanzania katikati ya miaka ya 1980, na Shirika la Afya Duniani likaitangaza kwa mataifa mengine mwaka 1994, mwaka ambao Siku ya Afya Duniani ilihusu kinywa. Mwaka 2021 shirika hilo hilo liliingiza dawa hiyo ya kuziba, pamoja na dawa ya meno yenye floraidi, katika orodha yake ya dawa muhimu. Nchi za mbali zinatibu watoto wao kwa maarifa yaliyotoka kwetu. Watoto wa Rungwe wanang'olewa.

Hivyo ombi letu ni moja, tumelipunguza makusudi ili lisipate sababu ya kuahirishwa. Tunaomba tabibu mmoja wa kinywa na meno apangiwe kituo chetu. Mkoa wetu wa Mbeya una chuo kinachowafundisha, na vijana wanahitimu. Tunaomba kiti chenye kulala, hata kile cha kawaida cha kukunjwa, taa yake, seti za vifaa vya mkono, koleo za kung'olea kwa yale meno yaliyokwisha kuharibika, dawa ya ganzi, dawa ya kuziba, na chombo cha kutakasia vifaa kwa mvuke. Mashine kubwa zinaweza kuja baadaye. Nyumba ya kuishi tabibu huyo wazazi wamekwisha kuitafuta, na kodi ya mwaka wa kwanza kamati italipa.

Mheshimiwa, leo tunaomba tarehe. Ahadi tunazo tayari. Tunaomba kabla hujapanda gari utamke mbele ya wananchi ni lini, na ni ofisi ipi tuifuate siku hiyo ikipita. Katibu wa kamati ameandaa kitabu, ataandika utakavyosema, na tunakuomba uweke saini yako. Kituo cha afya ni mwendo wa dakika chache kutoka hapa. Ufunguo wa chumba anao Mganga Mfawidhi, na tunaomba ratiba ikupitishe pale kabla ya chakula.

Mengine ni madogo na tunayataja kwa haraka: miswaki na dawa ya meno kwa wanafunzi wa darasa la awali ambao wazazi wao hawajamudu, na msaada wa ofisi yako ili biashara ya pipi na barafu isogee mbali na geti la shule. Uongozi wa kata umeonyesha nia. Tunaomba uutie nguvu.

Kwa mara nyingine tunakushukuru kwa kuitikia mwaliko wetu. Chakula kimeandaliwa, mbalaga na maziwa ya mgando, na kina mama wanaomba usiondoke bila kula.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.

Kamati ya Afya ya Shule na Wazazi