Salamu za Krismasi kwa wanaopanda Kilimanjaro

Bwana Yesu asifiwe, ndugu, jamaa na marafiki.

Wachaga tumeshaanza kupanda kwenda nyumbani Kilimanjaro kwa sikukuu. Stendi ya Magufuli pale Mbezi, Dar es Salaam, alfajiri haina pa kukanyaga, tiketi za Moshi na Rombo ni za kutafutana. Nawatakieni safari njema. Mtori mtaukuta, mbege mtaikuta.

Ila tuseme ukweli, wengine wanapanda na kinyongo. Huko nyumbani yupo kaka aliyeuza kipande cha kihamba, shamba la ukoo, mzee akiwa hoi kitandani. Yupo aliyekula hela za matibabu ya mama. Mnakaa meza moja, unampa sahani ya nyama huku unatazama pembeni. Kanisani mkifika kwenye "utusamehe makosa yetu", sentensi inayofuata unaimeza.

Msimu huu nimekaa sana na Mwanzo 33. Yakobo alimwibia pacha wake Esau baraka, akakimbia, akakaa kwa Labani miaka 20. Anarudi anachechemea, anainama mpaka nchi mara saba. Esau akamkimbilia, akamkumbatia, wakalia. Hapo tumehubiriwa mpaka basi. Mistari inayofuata ndiyo tunayoiruka. Esau anasema haya, twende wote. Yakobo anatoa udhuru: watoto ni wadogo, mifugo inanyonyesha, tangulia, nitakufuata kwako Seiri. Akageukia Sukothi! Kila mtu akakaa kwake. Na Isaka alipokufa, wanawe hao wawili walimzika pamoja (Mwanzo 35:29).

Basi ukimsamehe kaka yako, hujaambiwa umkabidhi hati za shamba. Wala sipendi ile tabia ya wanaukoo kuwalazimisha watu washikane mikono sebuleni, yaishe, nyama inapoa, wakati kilichochukuliwa hakijatajwa hata kwa jina. Zakayo mtoza ushuru alisema aliowadhulumu atawarudishia mara nne, na Yesu hakumwambia aache.

Wazee wetu walilijua hili. Mmea wa isale hupandwa mpakani mwa vihamba, na jani la isale hilohilo ndilo mtu analolibeba akienda kuomba radhi. Ukiletewa, kulikataa ni mwiko. Lakini sijasikia mpaka uling'olewa kwa kuwa jani lilichumwa pale.

Na asipokuletea? Hapo ndipo pagumu, maana wengi hawataleta. Wengine wanaamini kabisa kwamba wewe ndiye mkosaji. Bwana wetu hakuletewa jani lolote pale Kalvari. Alisema "Baba, uwasamehe" wakati askari wanagawana nguo zake. Hata ndugu zake wa nyumbani hawakumwamini (Yohana 7:5), na alipofufuka alimtokea mmoja wao, Yakobo, ambaye Paulo anamwita ndugu yake Bwana.

Kwa hiyo msameheni kabla hamjafika Himo, mambo ya shamba mtayazungumza na wazee baada ya sikukuu, kwa sauti ya kawaida.

Krismasi njema na heri ya mwaka mpya. Madereva, mwendo wa taratibu. Nisalimieni wote huko mlimani.