Msilaumu bendi, angalieni kwanza jukwaa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo nimjibu yule msomaji wako aliyelalamika kwamba bendi zikitoka Dar zikifika Dodoma zinapiga ovyo, mwimbaji nje ya kii, dramu inakimbia. Mi ni fundi mitambo, nafunga vyombo kwenye maharusi na matamasha hapa mjini, na nasema jamaa mara nyingi hawana kosa, hawasikii tu wanachopiga wenyewe wakiwa jukwaani.

Yaani promota wa hapa akija kukodi vyombo swali la kwanza ni spika ngapi. Anataka besi zipangwe mpaka watu wa Chang'ombe wajue leo kuna shughuli, ukimtajia monita, yaani spika za kuwaelekea wanamuziki wajisikie, anaona unamwongezea bei, eti kwanini spika zigeuziwe wanamuziki wakati waliolipa kiingilio wako huku mbele? Sasa we kaa nafasi ya mpiga dramu pale uwanja wa Jamhuri. Spika kubwa zimempa mgongo, anachopata yeye ni mvumo, alafu sauti inaenda kugonga upande wa pili ndo inamrudia. Sauti inatembea kama mita 340 kwa sekunde, kwahiyo ukuta ukiwa umbali wa mita 85, kwenda na kurudi ni nusu sekunde nzima, na nusu sekunde kwenye sebene ni balaa, mpiga rizimu anafuata dramu, mwimbaji anafuata ukuta, nyie huku mnasema wamelewa.

Na sio ushamba wetu huu. The Beatles Agosti 1965 walipiga Shea Stadium kule New York mbele ya watu zaidi ya 55,000, kampuni ya Vox ikawatengenezea amplifaya za wati 100, kwa wakati ule kitu kikubwa kweli, na bado hawakujisikia maana mashabiki wanapiga kelele na monita hamna. Grateful Dead wa Marekani wakaja na dawa yao 1974, spika zote wakazipanga nyuma ya migongo yao, anachosikia mpigaji ndo hicho hicho anachosikia mtu wa mwisho kule. Ila ikabidi kila mwimbaji awe na maiki mbili zilizounganishwa kinyume, anaimba kwenye moja, kelele za spika zinaingia zote mbili zinafutana, bila hivyo ni mluzi mwanzo mwisho. Ule mzigo ulikuwa wa malori na gharama zikawashinda, mwaka huo huo wakauacha. Sisi hatutaki huko, tunataka monita nne za kulala chini basi.

Alafu umeme jamani. Kuna kumbi hapa, sizitaji, soketi moja ya jukwaani inabeba mixa, amplifaya za magitaa, taa za rangi na friji la soda, earth, ule waya wa kupeleka umeme ardhini, hamna kabisa. Ile nguuuu mnayosikia gitaa likichomekwa sio gitaa bovu, ni umeme wa hertz 50 umeingia kwenye waya za sauti. Mwimbaji kashika gitaa, anasogeza mdomo kwenye maiki, shoti hiyo. Anaruka, nyie mnashangilia mnadhani ni staili! Hiyo kitu inaua.

Saundi cheki ndo usiseme. Mji wa serikali huu, mgeni rasmi anakaribia, mshereheshaji anataka maiki, bendi inaambiwa mtajaribu hapo hapo mkianza. Na magitaa yametoka kwenye unyevu wa Dar yameingia kwenye ukavu wetu na upepo wa Julai, mbao zinacheza, tuni inahama, lazima yapewe muda.

Kinachoniuma zaidi ni vikundi vya Kigogo. Marehemu Hukwe Zawose, mtu wa huku huku, alizunguka dunia na zeze na ilimba, ile ala ya vyuma vya kupiga kwa vidole gumba, watu wakasikia kila uzi, leo kikundi kikipanda jukwaani Dodoma kinawekewa maiki moja mbele kama wanasoma risala, inasikika ngoma tu. Ilimba inataka maiki yake, karibu, na ule mkwaruzo wake ndo utamu wenyewe, lakini fundi asiyejua anafikiri waya mbovu anaukata kwenye mixa. Nimeliona hilo kwa macho yangu, na fundi alijisifu kabisa kwamba kasafisha sauti.

Kwa wenye kumbi mnaojenga sasa hivi, na mko wengi tangu treni ya SGR ianze kufika huku 2024, mwambieni fundi umeme avute laini ya jukwaa peke yake toka bodi kuu, na earth yake, taa za rangi zikae fezi nyingine. Kama hela haitoshi punguzeni besi mbili.

Fundi Mitambo,
Makole, Dodoma